Fahamu: Umesoma kwa Kiingereza, mbona bado unadaiwa IELTS?

Mwanafunzi wa Nakuru aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi huenda bado akadaiwa cheti cha mtihani wa Kiingereza wa IELTS anapoomba chuo ng'ambo. Inakera. Ila baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali gredi ya Kiingereza ya KCSE, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa.

IELTS hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza; alama ya juu ni 9, na kwa kawaida matokeo hutumika miaka 2. Insha ndiyo kibarua: maneno yasiyopungua 250, msimamo wako na sababu zake, huku saa ikiyoyoma. Tafuta kozi inayosahihisha insha zako moja moja. Kukariri majibu ni kutupa pesa.

Alama zikipungua kidogo, vyuo vingine hukupokea kwa sharti usome kwanza Kiingereza huko huko, kabla ya muhula kuanza.