Sukari "Haitengenezwi": Vitenzi Tulivyorudi Navyo Kutoka Kiwandani

Kila muhula huwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kueleza namna bidhaa ya kila siku inavyopatikana: sabuni, mkate, majani ya chai. Na kila muhula hupokea insha ileile. Sabuni inatengenezwa, mkate unatengenezwa, chai inatengenezwa. Kitenzi kimoja kinabebeshwa mzigo wa kiwanda kizima. Siwalaumu sana. Hapa Uganda wengi wetu tulijifunzia Kiswahili darasani, na darasani hutangulia majina ya vitu. Kazi yenyewe hatuioni.

Ndiyo sababu muhula uliopita tulikodi basi hadi Busoga, wanafunzi 23 na walimu wawili, kutembelea kiwanda kimoja cha sukari. Biashara hii si ngeni nchini: Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani kile cha Kakira mwaka 1930. Viwanda vya namna hiyo vilikusanya watu wa makabila mengi. Mzee aliyetutembeza alituambia kuwa katika zamu yake wamo watu wa Teso, Kigezi na West Nile, na wanapotaka kuelewana haraka kelele zikiwa nyingi, Kiswahili ndicho kinachowaokoa. Upatanisho wake wa ngeli haukuwa wa vitabuni, lakini vitenzi havikumpungukia hata kidogo.

Tulianzia mizanini, ambako malori na matrekta yalikuwa yamepanga foleni. Miwa ikishakatwa haipaswi kukaa; ikipita siku moja au mbili, sukari iliyomo huanza kuharibika. Kutoka hapo hupasuliwa kwa visu, kisha hupitishwa kwenye magurudumu mazito ya chuma na kukamuliwa, huku ikinyunyiziwa maji ili isibaki na utamu. Wenzetu wa mwambao wana kitenzi kingine cha kazi hii, kushindika, nacho kilikuwapo kabla ya mashine hizi. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa na vinu vyake katika karne ya 19. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Nilipolitaja neno hilo Mzee alilirudia mara mbili, akasema ni zuri lakini wao wanakamua.

Penye lundo la makapi, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mzee, takataka hizi mnazitupa wapi?"

"Takataka?" Mzee alicheka. "Mwanangu, hizi ndizo zinapika."

Makapi huchomwa kwenye matanuri, yanachemsha maji, na mvuke unaendesha mitambo yote. Katika kila kilo 100 za miwa hutoka takribani kilo 30 za makapi na kilo 10 tu za sukari. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kakira hata huuza umeme wa makapi kwenye gridi ya taifa. Ndani ya basi tulibishana kama makapi haya yangeweza kuitwa chicha, kama yale mabaki ya nazi iliyokamuliwa. Mimi nilikataa. Mwenzangu anayetoka Mombasa bado hajanisamehe.

Maji ya miwa hutiwa chokaa na kupashwa moto ili uchafu utuame. Tope hilo huchujwa na kurudishwa shambani kuwa mbolea. Maji yaliyobaki safi hupunguzwa kwa mvuke mpaka yawe mazito, ndipo yanapoingia kwenye masufuria makubwa yaliyofungwa na kuondolewa hewa. Hapa ndipo nilipopata somo langu la sarufi. Kwa kuwa hewa imeondolewa, uji ule huchemka kwenye joto la nyuzi 70 hivi. Ungechemshwa katika sufuria ya wazi ungehitaji joto la zaidi ya nyuzi 100, na sukari ingeanza kuungua. Ukizidi kuwa mzito, chembe huanza kuganda. Kisha uji humiminwa katika ngoma ya chuma yenye matundu madogo, inayozunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Molasi hurushwa nje na sukari hubaki ndani, tayari kukaushwa.

Chemka na chemsha, ganda na gandisha, zunguka na zungusha, kauka na kausha: jozi nne za kauli ya kutendesha chini ya paa moja, tena kila moja ikiwa na sababu ya kuwepo. Kwa miaka mingi nimefundisha kauli hiyo kwa "lala" na "laza", wanafunzi wakinakili na kusinzia.

Jambo hili si dogo. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wanafunzi hawa ndio wanaotazamiwa kusimama mbele ya watoto. Mwalimu mwenye "kutengeneza" peke yake atamweleza nini mtoto ambaye baba yake anakata miwa?

Yule aliyeuliza habari za takataka aliandika katika ripoti yake kwamba kiwanda hakitengenezi sukari, kwa sababu sukari ilikuwa tayari ndani ya muwa. Kiwanda huitoa tu. Nilimpa alama zote, ingawa alikosea ngeli mahali pawili.

Limebaki neno moja. Ule uji mzito wenye chembe, kabla haujaingia kwenye ngoma, Mzee aliuita "uji" tu, na wanafunzi wanataka istilahi. Binafsi naona uji unatosha. Msomaji mwenye neno linalotumika kwao, kutoka Kilombero, Mumias au kwingineko, alilete ofisini kabla ya toleo lijalo.