Unaponunua Nyumba Ndani ya Kichochoro: Ile Njia ni ya Nani?

 

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Ishaa alinijia mzee mstaafu, mkononi kashika karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Alikuwa ametumia kiinua mgongo chake kununua nyumba pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, katika njia fupi yenye nyumba sita, ambayo ukishaingia huna pa kutokea ila pale pale ulipoingilia. Aliipenda kwa utulivu wake. Hakuna baa, hakuna gereji, na bodaboda haiingii ila imemleta mwenyeji. Nyumba yake ni ya nne kutoka barabarani. Mwaka haujatimia, pensheni ikawa haikidhi, akataka kubomoa sehemu ya ukuta wake unaotazama njia ile, kabla ya kufika getini kwake, afungue fremu mbili za kupangisha. Majirani wakakataa. Aliyekataa kwa nguvu zaidi ni mwenye nyumba ya sita, ya mwisho kabisa, naye ni Mkristo.

"Sheikh," akaniambia, "ukuta ni wangu, nimeulipia. Huyu ana neno gani kwangu?"

Alikuja akitaraji nimpe haki. Nami nikamwambia kuwa ukuta ni wake kweli, lakini hakunisikia nikisema kuwa na njia ni yake.

Njia ya wote na njia ya wachache

Wanavyuoni wa fiqhi wamezigawa njia mafungu mawili. Ya kwanza ni njia inayopenya, yaani inayoingia huku na kutokea kule. Hii ni haki ya wapita njia wote, hakuna anayeimiliki, na kila mtu anaweza kuifungulia mlango wa nyumba yake apendavyo, ila asiweke kitu cha kuwadhuru wapitao. Ya pili ni njia isiyopenya. Hii, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ni mali ya shirika ya wale ambao milango ya nyumba zao imeelekea humo. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameyaeleza haya katika Minhaj, na mwenye kukitafuta asende kwenye mlango wa biashara wala wa ujenzi, aende kwenye mlango wa sulhu, kwa sababu mambo haya tangu zamani hayaamuliwi ila watu wakishagombana.

Tazama walivyokuwa makini. Kwanza wamesema kinachomfanya mtu awe miongoni mwa wenye njia ni mlango, si ukuta. Mtu ambaye mgongo wa nyumba yake unagusa kichochoro, na mlango wake uko barabara nyingine, hana fungu humo, na hawezi kutoboa mlango bila ridhaa ya wenyewe. Kutoboa dirisha la kuingiza hewa na mwanga ni halali yake, maana hapo anatumia ukuta wake tu. Pili, wakauliza: je, kila mmoja ana fungu katika njia yote? Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba fungu la kila mtu linaanzia mdomo wa njia na kuishia mlangoni kwake. Wa nyumba ya kwanza hana chake kule ndani, ambako hana haja ya kufika. Wa nyumba ya mwisho ni mshirika katika njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Basi ikawa yule jirani wa sita, ambaye mzee wetu alimwona hana neno, ndiye mwenye neno kuliko wote. Na dini yake haiingii katika hesabu hii. Mwenye mlango ni mshirika, awe Mwislamu au asiwe.

Tatu, na hapa ndipo penye kisa chetu, wamesema kuwa mwenye mlango katika njia kama hii akifungua mwingine ulio ndani zaidi kuliko wa kwanza, washirika wake wana haki ya kumzuia. Akifungua ulio karibu zaidi na mdomo wa njia, inaangaliwa: ikiwa ameuziba ule wa zamani hazuiliwi, maana amejipunguzia haki yake mwenyewe, na ikiwa ameuacha wazi wanaweza kumzuia. Kwa nini, na hali sehemu ile alikuwa akiipita siku zote? Wenye kuisherehesha Minhaj wakajibu kuwa mlango wa pili juu ya wa kwanza huleta msongamano na wanyama kusimama njiani. Nilipomfasiria hayo mzee alicheka, kwa sababu mnyama aliyekuwa akigombaniwa pale ni bodaboda.

Wengi siku hizi huuliza kuhusu geti la kufungia njia na mlinzi wa kumlipa kwa kuchangiana. Hukumu yake imo humo humo. Wenye njia isiyopenya wakikubaliana wote kufunga mdomo wake, inajuzu kwa kauli ya walio wengi. Mmoja akikataa, waliobaki hawawezi kumlazimisha, na wakishafunga kwa makubaliano, mmoja hawezi kufungua peke yake. Ama njia ikiwa na msikiti ndani yake, hilo ni jambo jingine, kwani haki ya wanaosali imeshaingia na haiko mikononi mwa wakazi peke yao.

Miji ya wazee wetu

Asidhani mtu kuwa haya ni maneno ya vitabuni tu. Mji wa Kufa ulipopangwa katika mwaka wa 17 Hijria (638) wakati wa ukhalifa wa Umar bin Al-Khattab (r.a.), Tabari anasimulia kuwa barabara kuu zilipewa dhiraa 40, zilizofuatia 30, za kati 20, na vichochoro 7, wala pasiwe na pungufu ya hapo. Dhiraa 7 ni mita 3 na ushei. Kiasi hicho ndicho alichokihukumu Mtume (s.a.w.) pale watu wanapokhitilafiana juu ya upana wa njia, kama ilivyopokewa na Abu Huraira (r.a.) katika Bukhari na Muslim.

Na aliyefika Lamu ameona wikio, yaani chumba cha ghorofani kilichovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Mafakihi wanakiita sabati, na masharti yake wameyataja: juu ya njia ya wote kiinuliwe kiasi cha mpita njia kupita wima na mzigo wake kichwani, na juu ya njia ya wachache wapatikane wenyewe waridhie.

Kabla hujatoa pesa

Mnunuzi wa leo hupanda ngazi, akahesabu vyumba, akafungua mabomba, akaita fundi agonge kuta. Njia anaipita tu. Na dalali naye hufungua midomo juu ya utulivu wa mtaa, lakini hasemi kuwa nyumba ya jirani inasubiri kugeuzwa karakana ya kuchomelea vyuma.

Hapa pia mafakihi wametangulia. Wanavyuoni wa Kishafii wamehesabu kuwa ni aibu ya nyumba, yaani kasoro inayompa mnunuzi hiari ya kuirudisha, iwapo karibu yake kuna wafua nguo wanaoudhi kwa sauti ya kutwanga kwao na kuzitikisa kuta. Kwa hiyo utulivu ni sehemu ya kile kilichouzwa. Muuzaji anayejua kuna kelele za usiku akanyamaza, amemficha mwenzake aibu, na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Uqba bin Amir iliyomo kwa Ibn Majah, amekataza Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila kumbainishia. Lakini tahadhari: hiari hii katika madhehebu yetu ni ya papo hapo. Ukishaijua aibu ukakaa miezi sita ukinung'unika barazani, hiari yako imekwenda.

Jirani mwema naye ana thamani yake. Katika karne ya 2 Hijria, huko Marw, jirani wa mwanachuoni Abu Hamza As-Sukkari alitaka kuuza nyumba yake. Alipoulizwa bei akasema ni elfu mbili kwa nyumba, na elfu mbili nyingine kwa ujirani wa Abu Hamza. Habari zikamfikia mwenyewe, akampelekea elfu nne na kumwambia asiuze.

Kuna na suala la shufaa, yaani haki ya kutangulizwa katika kununua. Imamu Abu Hanifa ameithibitisha kwa mshirika, kisha kwa anayeshirikiana nawe njia, kisha kwa jirani aliyepakana nawe. Imamu Malik, Shafii na Ahmad wameiweka kwa mshirika katika mali isiyogawanywa tu, wakishikamana na hadithi ya Jabir (r.a.) kuwa mipaka ikishawekwa na njia zikishatengwa, hakuna shufaa. Hivyo kwetu jirani hamlazimishi mtu kumuuzia. Hata hivyo Abu Rafi (r.a.), kama alivyopokea Bukhari, alikuwa na vyumba viwili ndani ya nyumba ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Akamuuzia Saad kwa 4,000 za kulipwa kwa mafungu, na hali kuna aliyempa dinari 500 taslimu, ambazo zilizidi hizo. Akasema kuwa lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akimpa jirani haki ya ukaribu, asingempa.

Nikarudi kwa mzee wangu, nikamuuliza: njia yenu imo katika ramani ya upimaji, au wauzaji waliiacha tu walipokatiana viwanja? Suali hili ni la lazima. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, na mtu hupewa haki ya kuikalia. Njia iliyochorwa kwenye ramani ni barabara ya umma hata kama haipenyi, na ruhusa ya kufungua biashara inaombwa kwa wenye mamlaka. Yake haikuchorwa. Ilimegwa na wauzaji wenyewe, kwa hiyo ndiyo ile ile ya Imamu Nawawi.

Mlango mmoja ulibaki. Mafakihi wamesema, pale mtu anapozuiliwa kufungua mlango, akisuluhishana na wenye njia kwa mali, sulhu hiyo ni sahihi. Wakimkubalia bila malipo ni bora zaidi, na iandikwe, na mashahidi wawepo. Nikamshauri aanze na jirani wa sita, amfuate kwake, asimwite barabarani. Alikwenda Jumamosi iliyofuata. Jirani alimkaribisha chai, akamwambia fremu moja anaweza kuivumilia, iwe ya cherehani au ya vitabu, na ifungwe jua likichwa. Ya pili bado wanaizungumza.

Wallahu aalam.