Kulijaribu Jembe la Mhunzi

Mvua za Njombe huanza Novemba. Mkulima wa Mjimwema anunuaye jembe kwa mhunzi hana budi kulijaribu kwanza. Wengi, ajabu, hutazama rangi tu. Majembe hayo mara nyingi hufuliwa kwa springi za magari, chuma chenye kaboni ipatayo asilimia 0.6. Kikipashwa moto hadi sumaku isikinase, yaani nyuzi za Selsiasi zipatazo 770, na kuzidi kidogo, kisha kikatumbukizwa majini, huwa kigumu lakini huvunjika upesi. Ndiyo maana hupashwa tena kwa moto mdogo. Tupa ikiteleza makalini, huenda mhunzi aliruka hatua hiyo, na jiwe la kwanza litalimega jembe. Ikila chuma kwa urahisi, litapinda. Ikikwaruza kwa shida, linunuliwe.