Kura ya wakaaji wa mji mkuu: fundisho kwa wenyeji na wakimbizi wa Kabimba



Mtu aliyekimbia kijiji chake, je, ana haki ya kuchagua pale alipokimbilia? Wenyeji nao huuliza: wageni wakipiga kura hapa, sisi tutabaki na nini? Maswali haya si mapya. Yaliulizwa katika miji mikuu ya nchi yetu zaidi ya miaka 60 iliyopita. Katika makala haya tunaeleza yaliyotokea huko, na jinsi yanavyotuhusu sisi kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Wakaaji wa mji mkuu walidai nini?

Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani alilipa kodi, alijenga barabara na kufanya kazi viwandani, lakini hakuchagua kiongozi yeyote wa serikali. Léopoldville, ambayo tangu 1966 inaitwa Kinshasa, ilikuwa makao ya serikali nzima. Hata hivyo, wakaaji wake hawakuwa na kura, kama vile mwanakijiji wa mbali.

Mwaka 1956 chama cha Abako kilitoa tamko likidai haki za kisiasa bila kungoja miaka mingi. Desemba 1957 serikali ya kikoloni iliruhusu kura ya kwanza katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville (Lubumbashi ya leo) na Jadotville (Likasi). Watu walichagua madiwani wa komine, na kutoka hapo wakapatikana maburgumesta. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Tena, burgumesta mkuu wa mji alibaki Mbelgiji aliyeteuliwa na serikali.

Joseph Kasa-Vubu wa Abako akawa burgumesta wa Dendale, komine ambayo leo ina jina lake. Alipowekwa kazini Aprili 1958, alisema wazi kwamba kura ya komine haitoshi, akadai uchaguzi mkuu. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa Abako ulizuiwa, fujo zikazuka, na makumi ya watu wakafa. Siku tisa baadaye Ubelgiji ilitangaza kwamba Kongo itaelekea uhuru. Wabunge wa kwanza walichaguliwa Mei 1960, na uhuru ukapatikana tarehe 30 Juni 1960.

Tunajifunza kwamba mlango mdogo wa kura unaweza kufungua mlango mkubwa. Lakini tunajifunza pia kwamba watu wakinyimwa njia ya kusema kwa amani, damu humwagika.

Kura bila mazungumzo

Élisabethville ilikuwa mji mkuu wa Katanga, jimbo ambalo Kabimba na Kalemie zilikuwa ndani yake. Watu wengi walikuja huko kutoka Kasai na kwingineko kutafuta kazi. Katika kura ya 1957, maburgumesta wanne Waafrika waliopatikana hawakuwa wenyeji wa Katanga. Wenyeji wengi walishtuka na kuogopa. Oktoba 1958 kikaundwa chama cha Conakat kutetea waliojiita Wakatanga wa asili. Hofu hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizopelekea Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na vita vikafika hata huku kaskazini.

Je, kosa lilikuwa kuwapa wageni kura? Sisi tunaona sivyo. Wageni walikuwa wakaaji halali. Kilichokosekana ni mazungumzo kabla na baada ya kura, ili mwenyeji asijione amenyang'anywa nyumba yake, wala mgeni asijione ni wa kufukuzwa.

Si kwetu tu

Washington, mji mkuu wa Marekani, una wakaaji karibu 700,000 wanaolipa kodi kama wengine. Wanamchagua rais kwa sababu ya badiliko la Katiba la 1961, lakini hawana seneta, na mjumbe wao katika bunge hana kura ya mwisho juu ya sheria. Baraza la Wawakilishi lilikubali mji huo uwe jimbo mwaka 2020 na tena 2021. Seneti haikupitisha. Wakaaji wake wanaendelea kudai kwa amani.

Na sisi je?

Katiba yetu ya 2006 inasema kura ni ya wote, ni sawa na ni ya siri, kwa mwanaume na mwanamke aliyefika miaka 18. Katiba haisemi kwamba aliyekimbia vita anapoteza haki hiyo. Lakini mpiga kura huchagua mahali alipoandikishwa. Ndiyo sababu vita huweza kumnyima mtu kura. Desemba 2018, Beni, Butembo na Yumbi hazikushiriki kumchagua rais. Desemba 2023, Masisi, Rutshuru na Kwamouth hazikupiga kura.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Viti vya wabunge hugawanywa kufuatana na hesabu ya walioandikishwa. Familia isiyoandikishwa popote haihesabiwi popote, na mahali inapoishi panapunguziwa uzito.

Mwaka 2023 wakaaji wa mji wa Kalemie, makao makuu ya jimbo letu tangu 2015, walichagua pia madiwani wa komine. Kura hiyo ilifanyika katika komine za miji mikuu ya majimbo tu. Vijijini, Kabimba ikiwemo, watu walimchagua rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo, bila baraza la karibu nao.

Tufanye nini?

Kwa familia zilizohama: tunzeni kadi ya uchaguzi kama mnavyotunza mbegu. Ikipotea, ulizeni ofisi ya CENI. Uandikishaji ukifunguliwa, kina mama na vijana waliofika miaka 18 wasiachwe nyuma.

Kwa wenyeji: mgeni akiandikishwa hapa, hesabu ya mahali penu inaongezeka. Hakuondolei kura yako.

Kwa viongozi: msingoje uchaguzi ndipo mzungumze. Itisheni kikao cha wenyeji na waliohama, Watwa na Waluba, wanaume na wanawake. Semeni pamoja juu ya mashamba, maji na shule. Pale ambapo baraza la kuchaguliwa halijafika, kikao cha namna hiyo kinaweza kupeleka sauti moja kwa wabunge na kwa mkuu wa teritwari.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tushikane, ili kura itujenge, isitugawe.