Ndege Aliyeanguka Bustanini

Mwaka jana mvua ya kwanza ya masika ilinyesha usiku kucha, na asubuhi tukakuta viota vingi vya mnana vimeanguka kutoka kwenye mti mkubwa ulio nyuma ya bweni letu. Katikati ya viota hivyo alikuwako kinda mmoja, hana manyoya ila vijiti vidogo mabawani, naye anatweta. Mimi na mwenzangu tulimwonea huruma. Tulimchukua bwenini, tukamtia katika kopo, tukamlisha uji kwa kijiko cha chai, kisha tukamdondoshea maziwa na maji mdomoni. Alikunywa, au sisi tulidhani kwamba alikunywa. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kufa.

Tulipompelekea habari mwalimu wetu wa Bayolojia, hakutugombeza. Alituuliza swali moja tu: "Maji yale mlimdondoshea wapi?" Tukajibu, "Mdomoni, Mwalimu." Akatwambia tufunue mdomo wa kinda yule na kutazama nyuma ya ulimi. Pale palikuwa na tundu dogo. Tundu lile si njia ya chakula, ni njia ya pumzi. Maji yakidondoshwa mbele ya mdomo huweza kuingia humo upesi, na ndege akazama mkononi mwako kama mtu aliyeanguka ziwani. Ama maziwa, hayo ni chakula cha wanyama wanaonyonyesha; tumbo la ndege halikuumbwa kuyasaga. Basi sisi wawili ndio tuliomwua kinda yule, tena kwa wema.

Naandika haya kwa sababu najua hatukuwa wa kwanza hapa shuleni, na mvua zitakuja tena.

Ndugu msomaji, ukimkuta ndege chini, kwanza mtazame huku mikono yako ikiwa mfukoni. Wengi katika hao tunaowaokota hawahitaji kuokotwa. Kinda mwenye manyoya kamili na mkia mfupi, anayerukaruka kwenye majani lakini hajui kuruka vema, hakupotea. Yuko shuleni. Makinda wa shore na wa ndege wengine wengi huacha kiota kabla ya kuruka sawasawa, na wazazi wao huendelea kuwalisha hapo chini kwa siku kadhaa. Mama na baba wako juu ya mti, wanangoja wewe uondoke. Jitenge mbali, ukae saa moja au mbili ukitazama. Kama pana paka au mbwa, mwinue kinda umweke juu ya tawi la kichaka kilicho karibu, basi, kazi yako imekwisha.

Kinda aliye uchi kama yule wetu ni habari nyingine, kwa kuwa huyo bado anahitaji joto la mama. Yafaa kumrudisha kiotani. Wazee wengi, na vijana pia, husema kwamba ndege akinusa mkono wa mtu atamkataa mwanawe. Si kweli. Ndege wengi wa bustanini hawategemei pua kuwajua watoto wao. Kama kiota chenyewe kimeharibika, chukua kikapu kidogo, kitoboe chini ili maji ya mvua yapite, utandike majani makavu, ukitundike mahali pale kilipokuwa kiota. Mara nyingi wazazi huja. Laiti tungalijua hayo asubuhi ile.

Aliyeumia kweli hujulikana. Bawa moja huning'inia, au pana damu, au amelala ubavu wala hajali ukimkaribia. Aliyekamatwa na paka hapana budi ahesabiwe miongoni mwa hao hata kama huoni jeraha, maana mate ya paka yana vijidudu vinavyoweza kumwua ndege baada ya siku chache. Wako pia wanaojigonga kwenye vioo vya madirisha. Ndege huona katika kioo mti na mbingu, akadhani njia ni wazi.

Kumshika ndege kuna adabu yake. Mfunike kwa kitambaa, na kichwa pia, kwa sababu giza humtuliza. Kunja mabawa yake yalale mwilini, umwinue kwa mikono miwili. Usimbane kifua hata kidogo! Sisi binadamu tuna kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, nacho hutusaidia kuvuta pumzi. Ndege hana kiwambo cha namna hiyo. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Ukimkaza hapo, hata kama pua na mdomo viko wazi, atakosa hewa. Kisha mtie katika boksi la karatasi lililotobolewa matundu ya hewa kabla yeye hajaingia, na chini mna kitambaa. Tundu la waya halifai, maana huvunja manyoya yake anapohangaika. Funga kifuniko, weka boksi mahali pa kimya pasipo jua, na usichungulie kila dakika. Hilo la kuchungulia ndilo lililo gumu kuliko yote kwa wanafunzi. Macho makubwa yanayotokea juu yake, kwake ni macho ya mwewe.

Usimpe chakula wala maji. Baada ya saa moja au mbili, aliyejigonga tu huweza kupata nguvu. Peleka boksi nje, lifunue, umwache aende. Kama ni usiku, ngoja kuche. Wala usimweke katika banda la kuku hata kama lina nafasi. Kideri na maradhi mengine hupita kutoka kwa ndege wa mwituni kwenda kwa kuku, na kutoka kwa kuku kwenda kwake. Nawa mikono kwa sabuni. Ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiguse hata mmoja. Mwambie mwalimu ili habari imfikie ofisa wa mifugo, kwa kuwa huenda ikawa ni mafua ya ndege.

Sisi tulio ufukoni mwa ziwa tuna taabu zetu ambazo wenzetu wa bara hawanazo. Mnandi, mdiria na yangeyange hunaswa katika uzi wa nailoni na vipande vya nyavu za timba vinavyotupwa kwenye mawe. Yangeyange na jamaa zake hulenga jicho la mtu kwa mdomo ulio kama mkuki, basi kichwa chake ndicho cha kushika kwanza. Uzi uliojifunga mguuni ukatwe kwa mkasi, usivutwe. Lakini uzi unaotoka mdomoni usivutwe wala usikatwe karibu na mdomo. Huenda ndoana imo tumboni, na uzi ule ndio utakaomwonyesha daktari wa mifugo ilipo. Korongo wale wakubwa wa majalalani, walio karibu kimo cha mtoto, waachieni watu wazima.

Nataka pia kusema juu ya teleka, ambaye wengine humwita barawai. Ni yule ndege mweusi mwenye mabawa kama mundu na doa jeupe mgongoni, anayejenga chini ya paa za majengo marefu na kuwinda wadudu wale wanaopanda kama moshi juu ya ziwa. Miguu yake ni mifupi mno. Hufaa kung'ang'ania ukuta, si kutembea. Akianguka uwanjani mara nyingi hushindwa kupaa, ingawa ni mzima kabisa. Mwezi Oktoba tulimkuta mmoja jioni sakafuni katika bwalo la chakula. Alilala katika boksi, na asubuhi tukampeleka uwanja wa mpira. Mwenzangu alitaka kumrusha juu, Mwalimu akamzuia, kwa kuwa aliyeumia akirushwa huanguka akaumia zaidi. Nikamweka juu ya kiganja nilichokikunjua, nikainua mkono juu ya kichwa. Alitetemeka kwa muda, akijipasha moto. Halafu akateleza kutoka mkononi, akashuka karibu na nyasi hata tukashtuka, akapanda.

Umshikapo ndege yeyote, mtazame miguu. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwafunga kwezi 165 pete nyepesi zenye nambari, na tangu hapo desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Korongo weupe wanaotujia wakati wa baridi ya Ulaya huweza kuwa nazo. Usiivue pete ya ndege aliye hai. Andika nambari na maneno yote, na habari hiyo itumwe kwenye anwani iliyochongwa. Kabla ya pete, ndege walieleza safari zao kwa uchungu zaidi. Mwaka 1822 korongo mmoja alionekana karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika uliomchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao njia yote. Kisha Wazungu wakamwua, na mpaka leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock.

Aliyevunjika bawa hawezi kuponywa na mwanafunzi. Wala si ruhusa kumfuga: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, na ofisa wa maliasili wa halmashauri apewe habari. Wahifadhi wa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kile tunachokiona kutoka Capri Point, nao ni watu wa kuulizwa.

Boksi letu liko juu ya kabati la pili katika maabara ya Bayolojia, pamoja na kitambaa, mkasi na kikapu kilichotobolewa. Ufunguo anao kiranja wa maabara. Na kama ndege mwenyewe ni bundi, tafadhali mfunike kwanza kwa kitambaa kabla hujawaita wenzako, maana wako ambao wakimwona watatafuta mawe.