Usinunue Hisa kwa Uvumi: Vichujio Viwili, Mauzo na Bei

Jioni, jua likishapoa, nje ya Ngome ya Yesu na kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, mazungumzo ya kahawa chungu siku hizi hayaishii kwenye mpira na siasa. Utamsikia kijana akimwonyesha mzee simu yake: "Ami, hebu angalia hii hisa. Imepanda wiki nzima. Niingie?"

Na mzee, kabla hata hajaiangalia ile grafu, anauliza: "Kwanza niambie, hiyo kampuni inauza nini? Na mwaka huu imeuza zaidi ya mwaka jana?"

Wote wawili wanauliza jambo la maana. Kijana anaangalia bei, mzee anaangalia mauzo. Anayetazama kimoja tu huweza kuumia. Leo tunaeleza jinsi ya kuviweka pamoja, kwa hesabu unayoweza kufanya kwenye kikokotoo cha simu yako.

Kuchuja ni nini?

Soko la Hisa la Nairobi, NSE, lina kampuni zaidi ya 60. Ukiwa na duka, familia na kazi, huna muda wa kuzisoma zote. Kwa hivyo unaweka masharti machache, na kampuni isiyotimiza inabaki nje. Ni kama kukamua nazi: tui linapita kwenye kifumbu, machicha yanabaki.

Lakini kumbuka, kichujio hakikwambii "nunua". Kinakupunguzia orodha tu, kutoka kampuni 60 hadi labda tano au sita ambazo zinafaa kusomwa zaidi.

Kichujio cha kwanza: je, mauzo yanakua?

Mauzo ni pesa yote iliyoingia kutoka kwa wateja kabla ya kutoa gharama. Kwenye ripoti za kampuni yanaweza kuitwa mapato. Tunaanza nayo kwa sababu faida inaweza kupanda hata biashara ikiwa inadorora, kwa mfano kampuni ikiuza kiwanja au ikipunguza wafanyakazi. Mauzo yakipanda, kwa kawaida ni kwamba wateja wameongezeka au wanalipa zaidi.

Hesabu yake ni hii: chukua mauzo ya mwaka huu, toa ya mwaka jana, gawanya kwa ya mwaka jana, kisha zidisha kwa 100. Kampuni iliyouza Sh500 milioni mwaka jana na Sh560 milioni mwaka huu imekua kwa asilimia 12.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia.

Kwanza, linganisha msimu na msimu wake. Anayeuza vinyago na vikoi kwa watalii karibu na lango la Ngome hawezi kulinganisha Disemba na Mei. Disemba wageni wamejaa, Mei ni mvua na kusi. Disemba hulinganishwa na Disemba iliyopita. Kampuni ni vivyo hivyo: nusu mwaka ya sasa ilinganishwe na nusu mwaka ile ile ya mwaka jana.

Pili, linganisha na mfumuko wa bei. Kama bei za vitu nchini zimepanda kwa asilimia 7 na mauzo ya kampuni yamepanda kwa asilimia 4, hiyo kampuni haijakua. Imerudi nyuma.

Sharti rahisi la kuanzia: mauzo yakue angalau asilimia 10 kwa mwaka, na yaupite mfumuko wa bei.

Kichujio cha pili: je, bei ina kasi?

Kasi ya bei ni mwelekeo wa bei ya hisa kwa miezi 6 hadi 12. Hatuzungumzii siku tatu au wiki moja. Chukua bei ya leo, ilinganishe na ya mwaka mmoja nyuma, kisha na ya miezi sita nyuma. Ikiwa leo iko juu ya zote mbili, kasi ipo.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1993, watafiti Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti wa hisa za Marekani za kuanzia 1965 hadi 1989. Waligundua kwamba hisa zilizofanya vizuri kwa miezi 3 hadi 12 iliyopita ziliendelea, kwa wastani, kuzishinda zile zilizofanya vibaya kwa miezi kadhaa iliyofuata. Sababu moja inayotajwa ni kwamba habari njema haiwafikii watu wote siku moja wala haiaminiwi siku moja.

Lakini shika neno "kwa wastani". Si kila hisa, na si kila mwaka. Tena, linganisha hisa yako na soko lote kupitia kipimo cha NASI kinachojumlisha hisa zote za NSE. Kama soko limepanda asilimia 20 na hisa yako asilimia 5, hiyo si kasi. Imebebwa na maji tu.

Kwa nini vyote viwili?

Chukua kampuni nne za mfano, tulizozibuni kwa ajili ya hesabu tu:

- Kampuni A: mauzo yamepanda asilimia 15, bei imepanda asilimia 25. Imepita vyote viwili. Isome zaidi.
- Kampuni B: mauzo yamepanda asilimia 15, bei imeshuka asilimia 30. Wateja wanaipenda, wawekezaji wanaikimbia. Huenda kuna deni au gharama ambayo wewe hujaiona. Subiri.
- Kampuni C: mauzo yameshuka asilimia 5, bei imepanda asilimia 60. Watu wananunua matumaini, au uvumi. Hapa ndipo wageni wengi wa soko huumia.
- Kampuni D: mauzo yameshuka, bei imeshuka. Kuwa rahisi si sababu ya kununua.

Yule kijana wa barazani angeingia C mbio. Mzee, kwa swali lake la mauzo peke yake, angeingia B.

Mfano halisi: Safaricom, 2021 hadi 2025

Tuchukue kampuni ambayo kila msomaji anaijua. Hatusemi uinunue wala uiuze. Tunaitumia kwa sababu hesabu zake ziko wazi kwa umma. Mwaka wake wa fedha huisha Machi, na matokeo hutangazwa Mei.

*Agosti 2021.* Bei ilifika karibu Sh45, kutoka karibu Sh30 mwaka mmoja nyuma. Kasi ya bei: imepita kwa kishindo. Lakini mauzo? Mapato ya huduma kwa mwaka ulioishia Machi 2021 yalikuwa takriban Sh250 bilioni, ilhali mwaka uliotangulia yalikuwa takriban Sh251 bilioni. Hayakukua. Utakumbuka wakati ule wa korona, kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka, kutuma pesa hadi Sh1,000 kwa simu ilikuwa bure. Kwetu wateja ilikuwa nafuu. Kwenye vitabu vya kampuni, ilikuwa mapato yasiyoingia. Kichujio cha mauzo: imefeli.

*Mei 2022.* Mauzo yamefufuka: takriban Sh281 bilioni, ongezeko la asilimia 12. Imepita. Lakini bei ilikuwa chini sana ya ile ya mwaka mmoja nyuma, na kufikia mwisho wa Juni ilikuwa karibu Sh25. Imefeli kasi.

*Mei 2023.* Mapato yamefika takriban Sh296 bilioni, ongezeko la kama asilimia 5. Huku mfumuko wa bei nchini ulikuwa umegusa asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022. Kampuni pia ilikuwa imezindua huduma Ethiopia mwezi huo huo wa Oktoba, na gharama za kuanza zilikula faida. Wawekezaji wa nje nao walikuwa wakiuza hisa za Nairobi. Bei ilikuwa bado inashuka. Imefeli vyote viwili. Mwaka 2023 ulipoisha, hisa moja ilikuwa chini ya Sh15.

*Katikati ya 2025.* Mapato ya mwaka ulioishia Machi 2025 yalipanda kwa karibu asilimia 11, hadi takriban Sh371 bilioni, na mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 5. Mwisho wa Juni bei ilikuwa karibu Sh25, kutoka karibu Sh17 mwaka mmoja nyuma. Imepita vyote viwili.

Aliyenunua kwa kelele za Agosti 2021 aliona zaidi ya nusu ya pesa yake ikiyeyuka. Aliyengoja vichujio vyote viwili vikubali hangeingia kwenye matokeo yoyote kati ya yale matatu ya mwanzo. Kampuni moja haithibitishi kanuni, hilo tukubaliane. Lakini inaonyesha kazi ya kila kichujio: cha mauzo kilimzuia mtu kileleni, cha bei kikamzuia wakati hisa inaporomoka huku matokeo yakionekana mazuri.

Mahali ambapo vichujio hivi hukwama

- *Benki.* Mapato yao mengi ni riba, na yanaweza kupanda kwa sababu riba zimepanda tu. Usizipime kwa kichujio cha mauzo peke yake.
- *Hisa zisizouzika.* Baadhi ya hisa za NSE hubadilisha mikono mara chache. Mtu mmoja akinunua kidogo tu, bei inaruka. Hiyo si kasi, na siku ukitaka kuuza huenda usipate mnunuzi. Angalia ni hisa ngapi zinauzwa kwa siku.
- *Hisa za bonasi na kugawanywa kwa hisa.* Bei hushuka ghafla kwenye grafu, lakini idadi ya hisa zako huongezeka. Usidhani imefeli.
- *Mauzo bila faida.* Kampuni inaweza kuuza sana na bado ikazama kwenye madeni. Iliyopita vichujio ichunguze pia madeni yake, na kama imetoa tangazo la onyo la faida. Kampuni za NSE hutakiwa kutoa onyo hilo zinapotarajia faida kushuka kwa asilimia 25 au zaidi.
- *Dini yako.* Wasomaji wengi wa Pwani hutuuliza kuhusu riba na pombe. Hicho ni kichujio cha tatu, na ni haki yako kukitanguliza. Waulize wanazuoni unaowaamini kabla ya kuanza hesabu.

Fanya hivi

1. *Andika orodha.* Chagua kampuni 10 ambazo biashara yao unaielewa.
2. *Tafuta matokeo.* Yako kwenye tovuti za kampuni na magazetini. Andika mauzo ya miaka miwili.
3. *Tafuta bei tatu.* Ya leo, ya miezi sita nyuma na ya mwaka mmoja nyuma.
4. *Weka alama.* Amepita, amefeli. Usijidanganye kwa kampuni unayoipenda.
5. *Rudia kila miezi sita.* Iliyofeli kimoja, usiiongezee pesa. Iliyofeli vyote viwili, jiandae kutoka.

Kwa nini miezi sita, na si kila wiki? Kwa sababu ya ada. Kununua hugharimu kama Sh2 kwa kila Sh100, na kuuza vivyo hivyo. Kwa Sh10,000, kuingia na kutoka ni kama Sh400. Ukifanya hivyo kila mwezi, kwa mwaka umelipa karibu Sh4,800. Hapo hisa haijakupa hata senti, na nusu ya mtaji imeenda kwa ada.

Pesa gani uitumie?

Mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa Sh5, Wakenya walijitokeza kwa mamia ya maelfu. Wengine walikopa benki. Siku za mwanzo bei ilipita Sh7. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya Sh3. Aliyetumia akiba yake aliweza kungoja miaka hadi ikapanda tena. Aliyekopa alilazimika kuuza kwa hasara, kwa sababu mkopo haungoji.

Kwa hivyo, usitumie karo, kodi ya nyumba, mtaji wa duka wala mkopo wa simu. Tumia pesa ambayo unaweza kuiacha miaka mitatu bila kuigusa. Na si lazima iwe nyingi: tangu Agosti 2025, NSE inaruhusu kununua hata hisa moja badala ya kuanzia 100.

Kabla hujatuma pesa

Hisa hununuliwa kupitia dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na huwekwa kwenye akaunti ya CDS yenye jina lako. Angalia jina la dalali kwenye orodha ya CMA. Lipa kwenye nambari ya malipo ya kampuni hiyo, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, au uahidiwe faida ya uhakika kila mwezi, acha hapo hapo. Hakuna hisa yenye ahadi hiyo. Na PIN yako ni yako peke yako, hata kwa anayejiita dalali.

*Makala haya ni ya elimu kwa wateja, si ushauri wa kununua au kuuza hisa yoyote. Bei ya hisa hupanda na hushuka, na unaweza kupoteza pesa ulizowekeza.*