Gasketi ya Ekzosi: Usirudishe ya Zamani



Msimu wa mvua uliopita dereva wa Hiace alifika kwenye gereji moja hapa Kabuga akilalamika kwamba kichwa kinamuuma kila akifunga vioo. Siku chache kabla, gari hilo lilikuwa limetengenezwa hapohapo. Fundi alifungua manifoldi ya ekzosi ili abadilishe stadi iliyokatika, kisha akarudisha gasketi ileile ya zamani na kuipaka gundi ya silikoni. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Mwenye gereji alimwambia kuwa gasketi mpya ni gharama, na gari linatakiwa barabarani mchana huohuo.

Injini ya Hiace ile iko chini ya viti vya mbele. Tulipoinua kiti tulikuta masizi meusi yamezunguka mlango wa silinda ya tatu. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja kwa dereva na abiria wake. Kazi ikarudiwa, na kwa siku hiyo ya pili fundi hakulipwa. Mimi nilishika spana miaka mingi kabla ya kuchaguliwa na wenzangu kuwa mtumishi wa chama, na kisa cha namna hii nimekiona mara nyingi. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya gasketi hii.

Kazi ya gasketi

Manifoldi ni kile chuma kinachopokea moshi kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye bomba. Gasketi hukaa kati ya manifoldi na silinda hedi. Katika injini ya petroli inayofanya kazi nzito, moshi unaotoka waweza kupita digrii 800 za joto. Fikiri lori au basi linalopanda vilima vyetu kutoka Rusumo hadi Kigali likiwa na mzigo. Chuma hupata moto, hutanuka, kisha hupoa na kurudi. Hedi nyingi za siku hizi ni za alumini, na alumini hutanuka kama mara mbili ya chuma cha kusubu kilichotengeneza manifoldi. Vyuma hivi viwili husuguana kila siku, na gasketi ndiyo inayovumilia mwendo huo. Ikishakandamizwa na kuungua mara moja haina tena uwezo wa kujaza nafasi. Ndiyo sababu hairudishwi.

Gasketi ikivuja, hasara ni tatu. Kwanza ni sumu. Katika moshi mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na anaweza kufa. Pili, moto unaotoka penye ufa hula uso wa hedi na kuunguza nyaya na mipira iliyo karibu. Tatu, kwenye gari la petroli lenye sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia penye ufa na kuidanganya sensa. Kompyuta huona kama petroli ni chache, ikaongeza, na mwenye gari akalia juu ya mafuta.

Kuchagua

1. Nunua kwa namba ya injini, si kwa jina la gari. Hiace yenye injini ya 3L na Coaster yenye 1HZ zote ni Toyota za dizeli, lakini ya kwanza ina silinda nne na ya pili ina sita.

2. Weka gasketi mpya juu ya hedi kabla ya kulipa, au ilinganishe na ya zamani. Matundu yake yawe sawa na milango ya moshi au yazidi kidogo. Yakiwa madogo, ukingo utaziba njia ya moshi na kuungua upesi.

3. Ya chuma cha tabaka kadhaa hudumu sana, lakini hutaka nyuso zilizonyooka. Ya grafiti yenye bati ndani husamehe kasoro ndogo za uso. Usikate gasketi ya ekzosi kwenye karatasi ya kawaida ya gasketi. Haiwezi joto hilo.

4. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asbesto.

Kuondoa ya zamani

Subiri injini ipoe kabisa. Nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu, ikiwezekana jioni ya kuamkia kazi. Nati ikikataa, irudishe mbele na nyuma kidogo kidogo. Stadi iliyokatikia ndani ya hedi itakula siku nzima.

Hapa nawaomba mnisikilize sana. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kuitambua. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu na magonjwa mengine ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kijana anayekwangua leo ataugua akiwa baba wa watoto wakubwa, na hakuna atakayekumbuka gereji ile. Kwa hiyo usikwangue kavu, usitumie grenda, usipulize kwa kompresa. Lowesha kwa maji, kwangua polepole, futa kwa kitambaa kibichi, kisha funga takataka zote katika mfuko wa plastiki. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi hilo.

Ziba milango ya moshi kwa matambara ili uchafu usiingie kwenye silinda, na usisahau kuyatoa. Hedi ya alumini ni laini, basi usiichimbe kwa bisibisi. Mwisho weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na ujaribu kupitisha fila. Ikipita zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa na kitabu cha injini, manifoldi imepinda na lazima isawazishwe kwa mashine. Gasketi mpya hainyooshi chuma kilichopinda.

Kufunga

Funga gasketi ikiwa kavu, bila silikoni wala grisi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Kama ina alama ya upande, ifuate. Anza nati zote kwa mkono. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, ukimaliza kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu. Anayekaza ncha moja hadi mwisho kabla ya nyingine anaipinda manifoldi mwenyewe.

Washa injini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Sikiliza ikiwa bado baridi, kwani mlio wa tik-tik hupungua chuma kikitanuka, na ufa ukajificha. Baada ya kupoa, kaza tena ikiwa gasketi hiyo inahitaji.

Haki yako

Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi. Sehemu hiyo inamhusu pia mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi na kijana anayejifunza kazi. Tena, mwajiri hulipa RSSB asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Uliza kama jina lako limeandikishwa.

Mkiambiwa kurudisha gasketi ya zamani, msikatae mmoja mmoja. Kubalianeni gereji nzima: bei ya gasketi mpya iandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kabla spana haijashikwa. Mwenye gari akielezwa juu ya sumu ile, mara nyingi hukubali. Na fundi asibebeshwe gharama ya kazi iliyorudi kwa sababu ya gasketi aliyonyimwa.

Yule dereva wa Hiace sasa hufunga vioo mvua ikinyesha, na kichwa hakimuumi.